SAA ZA WAZEE WETU ZISIUZWE KAMA CHUMA CHAKAVU

Maalim aliyetusomesha Kurani hapa Turiani, chini ya milima ya Nguru, alikuwa na saa moja ya mkono. Saa hiyo ndiyo iliyotujulisha kuwa adhana imekaribia, na ndiyo iliyoturuhusu kufunga juzuu zetu na kukimbilia shule ya serikali. Majirani nao walikuja barazani kwake kuilinganisha na king'ora cha zamu cha kiwanda cha sukari. Aliletewa na ndugu yake, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Maskati katika miaka ya sabini. Kwenye uso wa saa hiyo, juu kidogo ya namba 6, palikuwa na alama ndogo nyekundu: jambia lililolala juu ya panga mbili zilizopishana. Sisi watoto tulidhani ni mdudu.

Maalim alifariki, na baada ya arobaini warithi wakagawana kilichokuwapo. Miezi michache baadaye akafika mtu mmoja na pikipiki, akiulizia vitu vya kale: sarafu, taa, redio na saa. Akaonyeshwa saa ya Maalim. Akaifungua mgongo, akaipiga picha kwa simu yake, akaituma picha kwa watu asiowataja, kisha akaketi kunywa kahawa na kungoja jibu. Kahawa haijaisha, jibu likaja. Aliweka mezani fedha za kutosha magunia matatu ya mpunga, akaongeza na saa mpya ya rangi ya dhahabu, inayong'aa. Vijana wakapokea kwa furaha. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ile saa mpya ilisimama kabla ya masika, na mnunuzi hajaonekana tena. Hapana aliyelijua jina lake wala hapana karatasi iliyoandikwa.

Hatuwezi kuapa kuwa saa ya Maalim ilikuwa ya thamani kubwa. Jina la kiwanda hatukulisoma, na namba zake hazikuandikwa popote. Pengine bei aliyotoa yule mtu ilikuwa ya haki, na pengine alitoa sehemu moja ya mia. Leo hapana awezaye kusema, na huko kutojua ndiko kulikotusukuma kuandika maneno haya. Tunawaandikia hasa ndugu zetu wa visiwani na viongozi wa serikali, kwa kuwa jambo hili lina mizizi visiwani kuliko huku bara, na dawa yake kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa serikali.

Ile alama ya jambia na panga mbili ni nembo ya Oman. Sultani Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970, akatawala hadi alipofariki tarehe 10 Januari 2020. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, saa nyingi za fahari ziliagizwa kutoka Uswisi zikiwa zimepigwa nembo hiyo, na nyingi kati yake zilipitia duka la Asprey la London. Sultani alizitoa zawadi kwa waliomtumikia, wakiwamo maofisa wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, vilivyomalizika katika miaka hiyo ya sabini. Miongoni mwake zimo saa za Rolex, na nembo zake zilikuwa nyekundu, za dhahabu au za rangi nyingine. Leo wakusanyaji wa saa za kale duniani wanazitafuta kwa tochi. Saa mbili zikitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, kwa chuma kile kile, ile yenye jambia hupata bei iliyozidi mwenzake mara nyingi. Tofauti yao ni tone la rangi lililo dogo kuliko punje ya mchele.

Sasa tujiulize. Ni nani walioishi Maskati katika miaka ya sabini? Miongoni mwao walikuwapo maelfu ya watu waliozaliwa Unguja na Pemba, waliosema Kiswahili nyumbani na ofisini. Sultani yule aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kujenga nchi. Waliokwenda kutoka kwetu walikuwa na elimu, wakapata kazi katika wizara, hospitali, shule, jeshi na mafuta. Hapana mtaa wa Mji Mkongwe usio na jamaa kule. Mizigo ilikuja kwa barua, kwa jahazi na kwa ndege: vitambaa, udi, redio, na saa. Kwa hiyo anayedhani kuwa habari ya saa hizi ni ya matajiri wa Geneva na New York peke yao anajidanganya. Huenda baadhi yake zimo katika makasha ya nyanya zetu, zimefungwa kwenye leso pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Yafaa tueleze pia jinsi saa hizi zilivyogeuka kuwa lulu, maana palikuwa na wakati zilipotupwa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono inayoendeshwa kwa betri na kipande kidogo cha jiwe la kwazi. Saa hiyo ilikwenda sawasawa kuliko saa yoyote ya kutia ufunguo. Bei za saa za namna hiyo zilipoanguka, viwanda vya Uswisi vilitikisika vibaya. Waliofanya kazi ya saa katika nchi hiyo walikuwa wapatao 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya themanini walibaki kama 30,000. Watu wakaziweka kando saa za kujaza kwa mkono na kununua za betri. Huku kwetu pia mambo yakawa hivyo. Saa ya babu ikapewa mtoto achezee, na kilichobaki kikapelekwa kwa fundi kuwa spea.

Kisha upepo ukageuka. Watu wenye fedha walichoka na vitu vilivyo sawa sawa kwa mamilioni, wakaanza kutafuta saa iliyotengenezwa kwa mikono na iliyovaliwa na mtu mwenye habari. Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa dola za Marekani zaidi ya milioni 17 na nusu. Haikuwa ya dhahabu, ilikuwa ya chuma. Ilikuwa zawadi ya mke wake, imechorwa mgongoni maneno ya kumwasa aendeshe gari kwa uangalifu, naye baadaye akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Miaka 2 baadaye, tarehe 9 Novemba 2019, saa moja ya Patek Philippe iliuzwa Geneva kwa faranga za Uswisi milioni 31, katika mnada wa hisani. Hiyo ya pili ilikuwa mpya, na bei yake ilitokana na upekee wake. Lakini ya kwanza inatufundisha zaidi: aliyeinunua alilipia hadithi ya saa ile, na vyuma vilikuwa kisingizio tu.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Saa isiyo na habari ni chuma chenye gurudumu. Ukiambatisha habari yake, yaani ni ya nani, aliipewa na nani, mwaka gani na kwa kazi gani, inakuwa shahidi wa historia. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja na reli zikaja ratiba, na pamoja na ratiba zikaja saa za mfukoni za watu wa stesheni. Baadaye zikaja saa za wanyapara, za makarani, za walimu na za wastaafu waliotunukiwa siku ya kuagwa. Kila moja ina habari ya namna Waafrika wa nchi hii walivyoingizwa katika kazi ya kupimwa kwa dakika. Tukiziuza bila habari tunapoteza mara mbili. Fedha tunazikosa leo, na kesho tutakosa ushahidi wa maisha yetu wenyewe.

Wapo watakaosema kuwa mtu ana haki ya kuuza mali yake. Ni kweli, nasi hatuna ugomvi na haki hiyo. Mjane anayetaka ada ya mtoto hawezi kulishwa historia. Auze, lakini auze akijua anachouza, kama vile mkulima wa mpunga wa Turiani anavyostahili kujua uzito wa gunia lake kabla ya kulipakia kwenye lori. Mizani ikiwa mkononi mwa mnunuzi peke yake, hiyo si biashara, ni ulanguzi.

Wala hatutawatukana wakusanyaji. Tuseme haki: watu hawa wametushinda kwa elimu. Wapo Ulaya, Marekani, Japani na Ghuba. Hukutana katika mitandao na kubishana usiku kucha juu ya umbo la herufi moja kwenye uso wa saa, au rangi ya mshale, au parafujo iliyobadilishwa. Wanajua ni mwaka gani kiwanda kilibadili wino. Wakiletewa saa iliyounganishwa kwa vipande vya saa tatu, huitambua kwa kutazama picha. Yule mtu wa pikipiki hakuwa na elimu hiyo, bali alikuwa na njia ya kuiuliza, na jibu likamfikia kabla ya kahawa kuisha. Sisi hatukuwa na wa kumwuliza. Kujua kwao si kosa, na lawama ya kutojua tusimtwishe mtu mwingine.

Kutojua huko kuna madhara mengine. Mwenye saa ya kale akitaka kuiuza, jambo la kwanza analofanya ni kuipeleka ikang'arishwe na kupakwa rangi upya usoni. Anadhani anaongeza thamani, kumbe anaiua. Wakusanyaji wanataka uso wa asili, hata ukiwa umechujuka, na kasha ambalo kingo zake hazijasagwa. Mwingine hutupa kisanduku na karatasi za dukani, na hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha saa. Tena iko hatari ya afya. Saa nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya sitini, zile zinazong'aa gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu, ambayo mionzi yake haiishi hata kama mng'aro umeisha. Ikiwa imefungwa na kioo chake, yafaa isikaliwe nayo chumba cha kulala kwa mrundikano. Ikifunguliwa na kukwanguliwa, vumbi lake ni sumu kwa fundi na kwa watoto wake. Mafundi wetu wa vibanda vya sokoni hawakuambiwa.

Sheria nazo zimeliacha pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inatazama hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na imetaja pia milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ndugu zetu wa visiwani wanajua habari ya milango vizuri kuliko sisi: walivyokuja wanunuzi, walivyong'oa, na jinsi kilio kilivyokuja baada ya kuta kubaki na matundu. Saa ya mkono ya mwaka 1974 haimo katika hesabu hiyo, wala hatuombi itiwe humo kwa nguvu. Serikali haiwezi kumpekua kila msafiri mkono wake. Tunaomba jambo jepesi na la busara zaidi, nalo tutalieleza hivi punde.

Kabla ya hapo tuna neno kwa viongozi wetu, na tunalisema kwa heshima lakini bila kumung'unya. Nyumba ya kiongozi inaonekana na kila mtu. Gari lake lina namba. Shamba lake lina mipaka na majirani. Lakini saa ya mkono inaweza kuwa na thamani ya nyumba tatu na ikajificha chini ya mkono wa shati. Haina namba ya usajili, haina hati, huvuka mpaka bila kupakiwa popote. Ndiyo maana duniani kote imekuwa zawadi inayopendwa na watu wanaotaka kununua sahihi ya mkubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti makali ya uongozi. Masharti hayo yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Hata hivyo hatukubaki bila mwongozo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake na madeni yake, na Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2015. Tunauliza kwa nia njema: katika fomu hizo, ni wangapi hukumbuka kuandika kilicho juu ya kifundo cha mkono? Kiongozi mwenye saa ya fahari aliyoinunua kwa jasho lake hana sababu ya kuona haya. Na aliyepewa, aseme kapewa na nani. Kwa kutamka hivyo atajilinda yeye mwenyewe kwanza.

Tukirudi kwa wananchi, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila familia ifungue daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe saa ni ya nani, aliipata wapi, mwaka gani. Zinakiliwe namba zilizopo, na ipigwe picha. Mzee aulizwe akiwa hai, maana kaburi halijibu. Kazi hii haihitaji fedha, inahitaji alasiri moja na kijana anayejua kuandika.

Pili, makumbusho zetu za bara na visiwani zifungue rejesta ya hiari ya vitu vya nyumbani vya karne iliyopita, saa zikiwamo. Mwenye kitu akae nacho nyumbani. Makumbusho ibaki na picha na maelezo. Ikitokea anataka kuuza, apate mahali pa kuuliza ushauri bila woga wa kunyang'anywa. Woga huo upo, na viongozi wasijifanye hawaujui. Rejesta itakayogeuzwa mtego wa kodi itakufa siku ya kwanza.

Tatu, ufundi wa saa ufundishwe upya. Mafundi wazee wanaondoka, na vijana wanaobaki wanajua kubadili betri tu. Vyuo vya VETA kwa upande wa bara, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa upande wa Zanzibar, vingeweza kuwakusanya mafundi wachache waliobaki wafundishe kabla hawajachukua elimu yao kaburini. Kijana anayejua kusafisha mtambo wa saa ya mwaka 1960 bila kuuharibu atapata wateja hapa nchini na ng'ambo, na ataweza kumwambia bibi wa Pemba ukweli kuhusu kile kilichomo kashani mwake. Naye afundishwe habari ya radiamu siku ya kwanza darasani.

Nne, tuzitunze saa za umma. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilikuwa na mnara. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga. Vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, na mnara ukawa umebomolewa. Ulijengwa upya, ukabeba saa iliyotazama bahari, na vizazi vya watu wa Forodhani vikaishi chini yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ilianguka pamoja na mnara huo, na watu 2 wakapoteza maisha. Saa ile haikuwa na bei mnadani. Mchukuzi na waziri waliitazama bure, ikawaambia wakati ule ule. Kama tunaweza kustaajabia faranga milioni 31 za Geneva, basi tuone uchungu zaidi kwa saa iliyokuwa yetu sote, na tuwatake wanaohusika na ujenzi wairudishe mahali pake, itembee, na apatikane fundi wa kuitunza.

Hatuandiki haya ili kila mwenye saa kuukuu aanze kuota utajiri. Nyingi ya saa zilizomo makashani mwetu ni za kawaida, Seiko na nyinginezo za kazi, na bei yake sokoni ni ndogo. Atakayemwuzia mwenziwe ndoto atakuwa mlanguzi wa pili. Lakini saa ya kawaida iliyovaliwa na baba miaka 30 akienda zamu ya usiku ina haki ya kuandikwa katika daftari la nyumba kama ile ya Sultani.

Ndugu zetu wa visiwani wana msemo: usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana wa Maalim waliacha mbachao. Hatuwalaumu, kwa kuwa hata sisi tuliosoma, tuliokaa mbele ya saa ile kila jioni tukiisubiri itufungulie, hatukuwahi kumwuliza Maalim ile alama nyekundu ni kitu gani. Alikuwa hai miaka mingi, na jibu alikuwa nalo.